Jiko la Kambi ya Wawindaji: Ini Usiku wa Kwanza, Mkia Hadi Alfajiri

Watu wengi wakisikia habari za kambi ya wawindaji, fikra zao hukimbilia kwenye bunduki na pembe, na humsahau mtu mmoja ambaye bila yeye kambi ingevunjika siku ya tatu, naye ni mpishi. Mwindaji aweza kurudi jioni mikono mitupu, watu wakamtania kidogo kisha wakalala. Lakini mpishi akiunguza uji wa alfajiri, au akiiacha nyama ya jana ikaingia inzi, manung'uniko huanza pale pale, na hayaishi mpaka watu warudi mjini. Askari aliyewahi kukaa porini majuma mawili kwa doria hana haja ya kuelezwa jambo hili mara mbili.

Tena kazi ya mpishi huyo haifanani na ya jikoni nyumbani. Nyumbani mama huamka akawaza leo atapika nini, akatuma mtoto sokoni. Kambini mpishi hachagui. Mnyama mwenyewe na joto la jua ndio wanaompangia. Kinachoharibika upesi huliwa kwanza, kinachohitaji muda husubiri, na kinachobaki hukaushwa. Kwa hiyo vyakula vinavyopendwa kambini vina siku zake, na mtu mzoefu akionja sahani huweza kujua ni siku ya ngapi tangu mnyama alipoanguka.

Usiku wa kwanza ni wa ini. Mnyama akiisha kufunguliwa, ini hutolewa kwa uangalifu ili mfuko wa nyongo usipasuke, kwa maana tone moja la nyongo huharibu sahani nzima. Mpishi hulitazama kwenye mwanga: likiwa laini, la rangi moja, lisilo na vidonda vyeupe wala minyoo bapa kwenye mirija yake, hulikubali, likiwa na madoa hulifukia, hata kama watu wana njaa. Kisha hulikata vipande vya unene wa kidole, hulisuuza, hulipangusa maji, na kulitia katika karai lililokwisha shika moto na mafuta. Mafuta yaliyo bora kwa kazi hii ni ule utando mweupe unaofunika matumbo ya mnyama, ambao huyeyushwa kwanza. Vitunguu huingia mbele ya ini, chumvi huingia mwisho. Wengi hulikosea ini kwa kulikaanga mpaka likawa kama soli ya kiatu. Dakika chache kila upande zinatosha, mpaka damu isionekane tena katikati, kisha lishuke upesi na kuliwa lingali linatoa moshi. Ini la mbuzi au la ng'ombe wa buchani hupikwa hivyo hivyo, na mama wa nyumbani atakayejaribu njia hii ataona tofauti siku hiyo hiyo.

Moyo nao ni wa usiku wa kwanza. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hadi Machi 1909, alifika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka huo huo kwa safari ndefu ya kuwindia jumba la makumbusho la Smithsonian. Alipomwua ndovu wake wa kwanza katika misitu ya Mlima Kenya, usiku wa baridi, alichoma mwenyewe vipande vya moyo wa ndovu huyo juu ya kijiti chenye panda, mbele ya moto, akavisifu baadaye katika kitabu chake. Hapana shaka njaa na baridi vilikuwa nusu ya kitoweo. Hata hivyo alifanya jambo ambalo wawindaji wa nchi hizi walilijua zamani sana kabla yake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi katika Tanzania, ambao hadi leo wako miongoni mwao watu wanaoishi kwa upinde, asali, ubuyu na mizizi, huuhesabu moyo wa mnyama mkubwa kuwa katika nyama za heshima. Nyama hizo huitwa epeme, nazo huliwa na wanaume wazima peke yao, mbali na macho ya wengine, na mvulana ambaye hajafikia daraja hilo hazigusi. Mahali pengine heshima huonyeshwa kwa vyeo na viti; kwao huonyeshwa kwa kipande cha nyama.

Mgeni wa kambi mara nyingi huuliza kwa nini asipewe paja usiku ule ule, na hali paja lipo limening'inia mbele yake. Jibu ni kwamba saa chache baada ya kufa, misuli ya mnyama hukakamaa. Nyama inayopikwa katika hali hiyo huwa ngumu, haipenyi jino, hata ikichemshwa kwa ghadhabu. Ukakamavu huo hulegea baada ya muda, aghalabu siku inayofuata au zaidi kidogo, na ndiyo sababu mpishi huning'iniza mapaja na mabega chini ya kivuli, penye upepo, yakiwa yamefunikwa kitambaa chepesi ili inzi wasitue. Usiku wa porini, hasa katika nyanda za juu, huwa na ubaridi wa kutosha kuifanya kazi hiyo. Jua likipanda, nyama huhamishiwa kivuli kizito zaidi. Na kama mahali ni bondeni penye joto la mchana na usiku, mpishi mwenye busara hangoji, huikata na kuikausha mapema kuliko kuibahatisha.

Katika hayo yote, hakuna chakula kinachotajwa kwa furaha kama mchuzi wa mkia wa nyati. Mkia huchunwa, hukatwa kwenye maungo yake na si kwenye mfupa, kwa kuwa mfupa uliopasuliwa kwa shoka huacha vijisplinta vinavyochoma ufizi. Vipande hukaangwa kwanza bila maji mpaka viwe vya kahawia pande zote, kisha hutiwa katika sufuria nzito pamoja na kitunguu, chumvi, pilipili manga na maji ya kuvifunika. Hapo mpishi hufanya jambo ambalo wenye haraka hawaliwezi: huondoa kuni zenye ndimi za moto, akabakiza makaa tu, akaweka kifuniko kizito, akaenda kulala. Mafiga matatu yaliyopangwa karibu karibu hulishikilia joto hilo. Mlinzi wa zamu ya usiku huongeza kaa moja moja na kutazama maji yasikauke, na malipo yake ni kikombe cha kwanza. Alfajiri nyama huachia mfupa yenyewe, na mchuzi ukipoa huganda kama asali. Mkia wa ng'ombe huleta mchuzi ule ule kwa saa nne au tano za moto mdogo, na familia yenye watoto wengi hupata chakula kikubwa kutoka kipande ambacho bucha mara nyingi hukiuza kwa bei nafuu.

Ulimi pia ni wa moto mdogo. Huchemshwa kama saa tatu, ukachunwa ngozi yake ungali moto, kwa sababu ukipoa ngozi hung'ang'ania. Mifupa ya miguu hupangwa kando ya makaa mpaka uboho uive ndani, ikapasuliwa kwa jiwe. Mambo haya hayahitaji maneno mengi.

Nyama ya mwituni ina kasoro moja ambayo mpishi wa mjini huigundua kwa majuto, nayo ni uhaba wa mafuta. Mnyama anayekimbia kila siku hawezi kunenepa kama fahali wa zizini. Akitiwa kwenye moto mkali bila msaada, hukauka mpaka mlaji akahitaji maji kwa kila tonge. Pofu ndiye anayesifiwa zaidi, kwa kuwa ni mkubwa, nyama yake ni laini na hukaribia ya ng'ombe. Swala tomi naye hupendwa kwa ulaini wake, ingawa ni mdogo, haitoshi kambi ya watu kumi. Kuro ana sifa mbaya ya harufu, lakini sehemu kubwa ya lawama hiyo ni ya wachunaji. Manyoya yake yana mafuta yenye harufu kali, na kisu kilichopita kwenye ngozi kikiingia kwenye nyama huipeleka harufu hiyo ndani. Wachunaji stadi hutumia visu viwili, kimoja cha ngozi na kimoja cha nyama, na mkono ulioshika manyoya haugusi mnofu mpaka unawe. Tabia hii ingefaa hata kwa wachinjao beberu mzee siku ya sikukuu.

Ndege huleta nafuu siku ambazo watu wamechoka na nyama nyekundu. Kanga mchanga hufaa kuchomwa, lakini kanga mzee, ambaye magamba ya miguu yake yamekuwa magumu na kifua chake hakibonyei, ni wa sufuria tu. Hukatwa vipande, hutiwa maji na kitunguu, hufunikwa, na huachwa zaidi ya saa mbili. Kwale ni mdogo, naye huiva upesi; mafuta kidogo ya kumpaka kifuani humzuia asikauke. Jogoo wa kienyeji aliyezeeka nyumbani hana tofauti kubwa na kanga mzee, wala hahitaji ghadhabu ya moto.

Na mkate? Wageni wengi wa safari za zamani waliandika kwa mshangao kwamba walikula mkate laini mahali ambapo hapakuwa na nyumba hata moja. Siri yake ilikuwa debe, au sufuria yenye kifuniko bapa. Shimo huchimbwa, makaa hutandikwa chini, chombo huwekwa juu ya mawe madogo ili kisiguse makaa, na makaa mengine hupangwa juu ya kifuniko. Moto wa juu na wa chini ukilingana, mkate huumuka na kuiva bila kuungua. Wako waliokwenda mbali zaidi, wakatafuta kichuguu kilichohamwa na mchwa, wakakitoboa tundu ubavuni, wakawasha kuni ndani mpaka kuta zikashika joto, wakakomba majivu, wakatia unga uliokandwa, na kuliziba tundu kwa jiwe. Udongo wa kichuguu hushika moto vizuri kama tofali. Familia zinazohamishwa kutoka kituo hadi kituo, ambazo aghalabu hufika mahali pasipo na jiko la maana, zaweza kuijaribu njia ya shimo bila gharama yoyote.

Lakini kambi hizo za zamani zilikuwa na moto zaidi ya mmoja, na habari za moto wa pili hazikuandikwa sana. Msafara wa Roosevelt ulikuwa na wapagazi wapatao mia mbili na zaidi, na mizigo yao ilikuwa pamoja na tani nne za chumvi kwa ajili ya ngozi za wanyama. Kwenye hema kubwa kulikuwa na meza na vitambaa. Kwenye mioto ya wapagazi kulikuwa na posho, yaani unga wa mahindi uliopimwa kwa kibaba, kila mtu na sehemu yake ya siku. Sima hiyo waliila na nini? Walitegemea risasi za mtu mwingine. Bwana akipata mnyama mkubwa, wapagazi walicheza ngoma, walikata nyama, walipanga vijiti kuzunguka moto na kukesha wakila. Bwana akikosa, walikula sima na chumvi, kisha asubuhi walijitwika mizigo kama jana. Hivyo furaha ile iliyosifiwa vitabuni kuwa ni tabia ya watu wasio na mashaka ilikuwa na sababu iliyo wazi, nayo ni tumbo. Mpishi wa wapagazi, ambaye jina lake halikutajwa, ndiye aliyejua kugawa nyama ya nyati mmoja kwa vikundi ishirini pasipo ugomvi. Kugawa ni sehemu ya kupika, na mkuu yeyote wa jiko la kikosi hulijua hilo.

Msafara huo uliingia Uganda Desemba 1909, ukafika Ziwa Albert, na mwanzoni mwa 1910 ukapiga kambi kwenye ukingo wa Nile katika eneo lililoitwa Lado, ambako jina la Rhino Camp limebaki hadi leo katika Nile Magharibi. Roosevelt na mwanawe Kermit waliua huko vifaru weupe tisa. Katika safari nzima wawili hao waliua wanyama wakubwa 512. Wakati ule ilionekana kwamba pori halina mwisho. Lilikuwa na mwisho. Katika miaka ya 1970, na zaidi baada ya vita vya 1979, bunduki za kivita ziliingia mbugani, nyingine mikononi mwa watu waliovaa sare, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 Uganda haikuwa na kifaru hata mmoja wa mwituni. Vifaru weupe wa aina ya kusini walianza kuletwa katika hifadhi ya Ziwa, Nakasongola, mwaka 2005, nao hulindwa usiku na mchana kama wafungwa wa heshima.

Kwa sababu hizo, kambi ya wawindaji si mahali pa kila mwenye bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na haijaufungua. Uganda iliufunga mwaka 1979, ikaruhusu tena kwa kiasi kidogo kuanzia 2001, katika maeneo maalumu na kwa kibali. Tanzania iliufunga 1973, ikaufungua 1978, na miaka ya karibuni imeruhusu hata bucha zenye leseni kuuza nyamapori. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 yaweza kumfikisha mhalifu kwenye kifungo cha maisha akimgusa mnyama aliye hatarini kutoweka. Askari aliyepewa bunduki ya serikali hakupewa bunduki ya kitoweo, na mke anayeletewa usiku furushi la nyama lisilo na maelezo ana haki ya kuuliza limetoka wapi kabla ya kuwasha moto.

Ana haki ya kuuliza kwa sababu nyingine pia, iliyo nzito zaidi kwa watoto wake. Mpishi wa kambi hapiki mnyama ambaye hakumwona akiwa hai. Katika miaka ya 2004 na 2005 mamia ya viboko walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda. Mzoga wa kimeta mara nyingi hutoa damu nyeusi isiyoganda puani na kwenye matundu mengine. Huvimba upesi, wala haukakamai kama kawaida. Mzoga wa namna hiyo haufunguliwi kwa kisu, haukokotwi, haupewi mbwa. Mbegu za ugonjwa huo huvumilia joto, na hakuna mpishi awezaye kusema kwa yakini kwamba sufuria yake imeziua zote. Huko Gabon, katika kijiji cha Mayibout, mwaka 1996, sokwe aliyeokotwa msituni akiwa amekufa alichunwa na kuliwa, na ugonjwa wa Ebola ukawaingia kwanza wale waliomshika. Waliomwokota walidhani wamepata bahati.

Hata kwa mnyama halali na mzima, mpishi hukata na kutupa nyama yote iliyopondeka kuzunguka tundu la risasi, upana wa kiganja au zaidi, kwa kuwa vipande vidogo vya risasi husambaa mbali kuliko macho yaonavyo. Ngiri naye, kwa wale ambao dini yao inawaruhusu kumla, haliwi akiwa na wekundu ndani, kwani minyoo hukaa katika misuli yake.

Inabaki nyama ya siku za mwisho. Minofu isiyo na mafuta hukatwa kufuata nyuzi zake, vipande virefu vya unene wa kidole, ikapakwa chumvi, kama kijiko kimoja cha mezani kwa kila kilo, na ikaachwa usiku mmoja. Asubuhi hutundikwa kwenye kamba penye kivuli na upepo, na moto mdogo wenye moshi huwekwa chini yake, si wa kuipika bali wa kufukuza inzi. Mafuta huondolewa yote, maana ndiyo yanayochacha. Baada ya siku mbili hadi nne, kulingana na hali ya hewa, kipande kilichokauka vema hukatika kikikunjwa, kikionyesha nyuzi nyeupe.

Kaskazini mwa Uganda nyama hiyo ina mapishi yake, yanayopendwa na walioondoka huko miaka mingi iliyopita kama wanavyoipenda nyumba waliyozaliwa. Hulowekwa saa kadhaa, maji hayo yakamwagwa kwa ajili ya chumvi, kisha huchemshwa mpaka ilainike. Karanga zilizosagwa, au simsim, au vyote viwili, hukorogwa pembeni kwa mchuzi wa vuguvugu mpaka viwe laini, ndipo vikatiwa sufuriani. Kutoka hapo moto hupunguzwa na mwiko hausimami, kwa kuwa karanga hushika chini upesi na harufu ya kuungua haitoki tena. Mafuta yakianza kuelea juu, chakula kimeiva. Huliwa na kalo ya mtama na wimbi, na aliye mbali na wimbi hutumia sima ya mahindi. Nyama ya ng'ombe iliyokaushwa nyumbani namna ile ile hufaa kabisa. Ihifadhiwe katika mfuko wa kitambaa uliotundikwa mbali na mvuke wa jiko, si katika mfuko wa plastiki, ambamo hutoa jasho na kuota ukungu. Ikionekana ukungu, itupwe yote, si kile kipande kimoja tu.